Zawadi Niliyoomba ni Waya za Kubustia

Kila Februari ikikaribia tunajaziwa ushauri wa zawadi: manukato, saa, chakula cha jioni ufukweni. Sina ugomvi na manukato, hata mimi napenda kunukia. Lakini kama wewe na mwenzio mnaishi mjini, mna gari lililoshuka melini likiwa limeshatumika Japani, na mmoja wenu hutoka kazini usiku, nina pendekezo jingine. Nunuaneni waya za kubustia betri. Na msichukue za kwanza mtakazooneshwa dukani.

Mimi ni mhasibu. Mwisho wa mwezi kutoka ofisini saa tatu usiku ni jambo la kawaida. Ofisi iko Mikocheni, nyumbani ni Goba, na gari langu ni Vitz, kale kadogo kasikokula mafuta. Betri niliyolikuta nayo ilikuwa imeshaanza kuchoka. Si unajua betri ya hivyo inavyofanya: asubuhi linawaka, mchana linawaka, halafu usiku mmoja unazungusha ufunguo unasikia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, kwisha habari.

Usiku huo mume wangu alikuwa Kibaha. Nilipompigia alisema "nakuja", na kweli alikuja, lakini nani asiyeijua foleni ya Barabara ya Morogoro? Nilisubiri saa moja na dakika arobaini. Katikati ya kusubiri akatokea kaka mmoja wa ofisi ya jirani, ana waya zake kwenye gari. Tukafurahi. Kumbe waya zenyewe ni kama za redio! Tulijaribu mara tatu, zikapata moto mpaka plastiki ikaanza kunuka, Vitz kimya. Ndipo akaanza: "Sista, liache gari hapa, twende nikupeleke." Nikamwambia namsubiri mume wangu. Akaomba namba ya simu. Nikarudia kwamba namsubiri mume wangu. Mlinzi wetu, mzee wa watu, akanyanyua kiti chake akakileta hadi mlangoni mwa gari langu, akakaa. Hakusema neno. Namshukuru mpaka leo.

Sisemi yule kaka ni mtu mbaya. Huenda alitaka kusaidia tu. Lakini saa tatu na nusu usiku utajuaje? Waya zake zingekuwa za maana, ningemwambia ahsante kaka, kila mtu akaenda kwake.

Basi mume wangu aliponiuliza nataka zawadi gani, nikamwambia nataka waya zangu mwenyewe, zikae kwenye buti langu. Alicheka. Halafu akanyamaza. "Kwani mimi sipo?"

Hata hivyo Jumamosi tulikwenda wote Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea. Muuzaji akamkabili yeye, mimi kama sipo. "Bosi, chukua hizi, ampia 1000, orijino." Ganda nene, rangi zinang'aa, bei elfu kumi na tano. Nikaomba kuziona.

Nilikuwa nimeshasoma kidogo, na hesabu ndiyo kazi yangu. Stata ya gari dogo la petroli inaweza kuvuta ampia 150 hivi kwa zile sekunde chache za kuwasha. Umeme huo lazima upite kwenye waya, uende na urudi, kwa hiyo waya za mita 3 ni safari ya mita 6. Waya wa shaba wa geji 10, ambao ndani una unene wa milimita za mraba 5 tu, utapoteza kama volti 3 njiani. Betri nzima iliyojaa ina volti 12.6. Ukiondoa hizo 3, stata inabakiwa na nini? Ndiyo maana waya za yule kaka zilichemka: umeme uliishia humo humo. Chukua geji 4, milimita za mraba 21, upotevu unashuka chini ya volti 1. Kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo, waya ndio mnene. Hiyo "ampia 1000" ya kwenye boksi ni maandishi tu, karatasi haikatai wino.

Na unene usiupime kwa ganda. Chungulia pale waya unapoingia kwenye kibanio, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kama asilimia 60 hivi ya shaba. Siyo dhambi kuinunua, ila iwe nene zaidi na bei yake ishuke. Mimi nilikwangua. Ilikuwa nyeupe. Nikagusisha sumaku kwenye kibanio chenye rangi ya shaba, ikanata, maana yake ni chuma kilichopakwa rangi.

"Dada ni fundi?" muuzaji akauliza.

"Mhasibu."

Akacheka, akaingia stoo, akatoka na nyingine. Geji 4, shaba tupu, mita 4, vibanio vina meno na vinabana mpaka vidole vinauma. Urefu nao una maana, kwa sababu huchagui gari litakufia wapi. Likiwa limeelekea ukutani, waya fupi hazitafika. Elfu hamsini na tano. Mume wangu akaninong'oneza kwamba kwa hela hiyo tungeongezea kidogo tukanunua betri mpya. Hapo alikuwa na hoja, na betri tulinunua mwezi uliofuata. Lakini betri mpya nayo itazeeka. Kuna pia zile pawabenki za kubustia, nzuri kweli, ila nazo zinataka kuchajiwa. Waya hazina chaji ya kuisha.

Maneno yenyewe yalitoka kwenye foleni, tumeshapita Fire. "Baba alikuwa anamfuata mama popote, hata mvua inyeshe," alisema. "Sasa wewe ukijikwamua mwenyewe, mimi nafanya nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, na mimi sikuwa na jibu tamu. Nilimwambia, "Nikikupigia usiku, nataka iwe kukwambia niko njiani. Sitaki kukuuliza umefika wapi, huku mtu nisiyemjua amesimama dirishani." Hatukuongea tena Magomeni yote. Tulipofika Ubungo akasema, "Basi kesho tufanye mazoezi."

Jumapili tukayaweka magari pua kwa pua, yasigusane, yote yamezimwa. Nyekundu kwenye chanya ya betri mbovu, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ile ya mwisho kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari lililozima, mbali na betri, maana betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche huilipua. Gari zima linawashwa kwanza, dakika chache, kisha bovu. Kuchomoa ni kinyumenyume. Na lori la volti 24 usilikubali hata dereva awe mkarimu vipi, litaunguza umeme wote wa gari lako. Alinifanya nirudie mara nne, mara ya mwisho giza limeingia, yeye kashika tochi ya simu.

Waya zinakaa kwenye buti langu. Ila mwisho wa mwezi, ikifika saa tatu, simu lazima iite. "Limewaka?" Nikimjibu limewaka, ndipo anakwenda kupasha chakula.