Mkebe wa Kukhu

 

Najua mmezoea nianze na mstari. Leo mnivumilie, nina mkebe. Na ndani ya mkebe kuna kosa langu, nimeona heri mlisikie kwangu mimi kuliko kulisikia kwa jirani.

Kuna mama mzee kanisani kwetu ambaye sote tunamwita Kukhu. Marehemu mume wake alikuwa kijana wa bustani kwa familia moja ya wazungu upande wa Kitale, miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru. Familia ilipofunga mizigo kurudi Uingereza, watoto wakamwachia mkebe wa tumbako umejaa bano. Gololi, kwa ninyi mlionishinda Kiswahili shuleni. Mzee akautunza mpaka alipolala.

Mwaka huu mjukuu akaona kwenye simu kwamba bano za zamani huuzwa maelfu ya dola. Mfanyabiashara mmoja naye akapata habari, akaja na Sh2,000 achukue mkebe mzima. Kukhu akaufunga kwenye leso, akanisubiri baada ya ibada. "Pasta, wewe ulicheza hizi ukiwa mtoto. Niambie kama huyu mtu ananiibia." Kulikuwa na karo ya msichana wa kidato cha tatu, na shule ilikuwa imeshamrudisha nyumbani mara moja.

Mpendwa, sikujua chochote. Lakini unatujua sisi wachungaji, neno "sijui" hutukwama kooni. Nikasema, "Niachie, Mama."

Nyumbani nikamwaga mkebe kwenye taulo. Bano 31. Kubwa kuliko zote ilikuwa kama limau dogo, karibu sentimita 4, na katikati yake wavu wa nyuzi nyeupe uliosokotwa kama ukili. Nzuri ajabu, ila uso wake ulikuwa na ukungu na vidonda vidogo vya kugongwa, na pande mbili zilizoelekeana kulikuwa na kovu la kukwaruza. Nikawaza nimsaidie Mama, tuing'arishe ipate bei. Nikaipeleka kwa fundi wa jua kali anayesugua mawe ya pete. Akanitoza Sh500. Ikarudi inang'aa kama maji, kovu moja limeisha kabisa na la pili limebaki kivuli tu.

Ndipo nikaanza kusoma. Ona mpangilio wangu: nilikata kwanza, nikapima baadaye.

Lile kovu ndilo lililokuwa cheti cha kuzaliwa cha ile bano. Bano nyingi za kioo za zamani zilitoka Ujerumani, kwenye milima ya Thuringia, hasa mji wa Lauscha. Fundi alishika fimbo ya kioo inayowaka, yenye nyuzi za rangi ndani, akaingiza ncha yake kwenye mkasi maalum wenye kikombe upande mmoja, mkasi uliobuniwa huko miaka ya 1840. Akazungusha mpaka tufe likatokea, akakata. Pale alipokata pakabaki kovu, mara nyingi huku na huku, na zile nyuzi za rangi husafiri kutoka kovu hadi kovu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama bano ilitengenezwa kwa mkono, usianze na rangi. Tafuta makovu kwa kidole, halafu kwa lenzi.

Bano ya mashine haina kovu la namna hiyo. Mtu aitwaye Martin Christensen, wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1905. Tone la kioo cha moto linaanguka kati ya rola mbili zenye mifereji, linabingirika mpaka lipoe, limekuwa duara safi. Vita vya 1914 vilipokata njia za bano za Ujerumani, viwanda vya Marekani kama Akro Agate vikashika soko. Usidharau bano kwa sababu ni ya mashine, kwa maana ziko za viwanda vile ambazo wakusanyaji hugombania. Lakini zile zenye ubawa wa rangi katikati kama jicho la paka, hizo ni za baada ya Vita vya Pili. Japani ilizimwaga duniani miaka ya 1950 na mpaka leo zinatengenezwa. Mkebe wa Kukhu ulikuwa nazo 19. Mjukuu alikuwa ameshazipigia hesabu ya pikipiki. Pole sana, kijana. Bei yake ni shilingi, si dola.

Sita nyingine zilikuwa za mashine, za kawaida. Mbili zilikuwa za udongo uliopakwa rangi ya kahawia inayong'aa, zenye madoa kama macho, alama za pale zilipogusana ndani ya tanuri. Moja ya kijani hafifu isiyo na pambo lolote ilinisumbua siku mbili, nikaja kuona kwamba pengine haikutengenezwa kuchezewa. Inafanana sana na kizibo cha chupa ya soda ya zamani, ile ambayo Mwingereza Hiram Codd aliisajili miaka ya 1870, bano ikisukumwa juu na gesi kuziba mdomo wa chupa. Watoto walizivunja chupa wapate bano. Wenye soda walilia, watoto wakafurahi.

Zikabaki tatu zenye makovu. Ile kubwa niliyoiharibu, ndogo moja iliyopasuka pembeni, na ya tatu, ya sentimita 2 hivi, yenye michirizi inayometameta kama dhahabu. Si dhahabu, ni chembe za shaba ndani ya kioo. Wakusanyaji huiita Lutz, jina la fundi mmoja ambaye hakuna ushahidi kwamba aliwahi kutengeneza hata bano moja. Nikaigeuza chini ya taa nikitafuta "mwezi", ule ufa wa hilali unaobaki chini ya uso bano ikigongwa. Haukuwepo. Hapo nikakumbuka kwamba yule mfanyabiashara wa Sh2,000 alikuwa amemuuliza Kukhu mara mbili kama ile ya dhahabu bado ipo.

Basi bei. Nakuambia kwa upole, maana najua wengine mmeshainuka kwenda kutafuta mikebe. Bano ya kawaida ya Ujerumani, ndogo na safi, huuzwa dola 10 hadi 30. Lutz yenye uso mzima hufika dola 100 na kupita. Zile za maelfu ni chache mno, na mtu huiona picha moja ya hiyo akadhani ndiyo bei ya zote. Wanunuzi huangalia aina, kisha ukubwa, kisha hali ya uso, na mwisho huangalia tu kama inapendeza. Ukubwa hupimwa kirahisi: iweke kati ya vipande viwili vya mbao, pima nafasi kwa rula. Na uso uliosuguliwa huonekana na hupunguza bei, mara nyingi nusu au zaidi. Mkusanyaji yuko radhi na kidonda cha kweli kuliko ngozi mpya. Ile kubwa ya Kukhu, pamoja na vidonda vyake, ingeweza kupita dola 100. Mimi nililipa Sh500 ili isifike.

Nikachukua mkebe nikaenda kwake jikoni. Nikamweleza yote tangu mwanzo, na yule mjukuu akisikiliza mlangoni. Kukhu akaichukua ile kubwa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaanza kuipapasa kwa kidole gumba. Akazunguka. Akazunguka tena.

"Ilikuwa na kidonda hapa," akasema. "Mzee alikuwa akikaa nje jioni, anaweka ukucha wake hapo hapo akiongea."

Wapendwa, nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya dola. Hiyo sikuwa nimejiandaa.

"Nisamehe, Mama."

"Hukujua, Pasta."

"Nilijua kwamba sijui. Nikafanya tu."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niongeze kuni, chai inapoa.

Tofauti ya ile kubwa nimemlipa kutoka mfukoni mwangu, si kwenye sadaka, mweka hazina ni shahidi. Ile ya Lutz ameamua kuiuza. Dada yetu mmoja anayeishi Uingereza ameipeleka mnadani huko, imefungwa kwenye soksi ya mtoto, haijaoshwa hata kwa sabuni. Yule mfanyabiashara alirudi na Sh4,000, akakuta mjukuu ndiye anayemhoji: kovu liko wapi, mwezi uko wapi? Ile kubwa haiuzwi. Iko kwenye pindo la leso yake.

Na kama una mkebe wa babu, nitumie picha yake kama ulivyo, na vumbi lake. Bei sitakuambia. Nitakuambia tu nilichoona.

Zile 19 za jicho la paka, Kukhu amewapa watoto wa shule ya Jumapili. Msione ni ajabu: huko Tinsley Green, kusini mwa Uingereza, watu wazima hushindana bano siku ya Ijumaa Kuu. Sisi tunacheza nyuma ya kanisa ibada ya pili ikiisha. Jumapili iliyopita nilipoteza bano tano kwa msichana wa miaka minane, na bado hajanirudishia.