Tambi Hazimngoji Mtu

Wenzangu wa Uvira huniuliza kila mara nirudipo likizo: «Huko Italia, usiku wa kuamkia Noeli, wale watu hula nini? Ng'ombe mzima?» Nikiwajibu kwamba hawali nyama hata kipande kimoja, wanacheka, wakidhani nawaficha mambo. Basi nataka kuwaandikia wao, na wewe msomaji uliye mbali na bahari, habari ya chakula cha usiku ule kama nilivyokipika kwa mikono yangu mjini Napoli, mwaka 2022.

Desturi ya kuacha nyama ni ya zamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwaagiza wakristu wafunge na waache nyama siku ya kesha la Noeli. Papa Paulo VI alipozitengeneza upya sheria za kufunga mwaka 1966, kesha lile halikutajwa tena. Lakini sufuria za Napoli hazikusoma barua ile. Hata leo, jioni ya tarehe 24 Desemba, nyumba nyingi hupika samaki tu. Mezani utaona tambi (sisi twaziita makaroni) pamoja na kome wa baharini, makayabo ya kukaangwa, mkunga mkubwa wamwitaye capitone, saladi ya koliflawa na zeituni, na mwishoni vidonge vya unga vilivyokaangwa na kuviringishwa katika asali. Kufunga gani huku, utauliza. Nami niliuliza. Bibi ninayemtunza akanijibu kwamba tumbo la mtu wa Napoli halijui kufunga, lajua kubadili tu.

Ndiyo, nimesema makayabo. Nilipoyaona mara ya kwanza yakilowa katika beseni, nilidhani niko nyumbani kwa mama. Ni samaki wa bahari za kaskazini aliyetiwa chumvi, na wao humwita baccalà. Hulowekwa siku mbili tatu, maji yakibadilishwa mara nyingi, sawasawa kama wafanyavyo mama zetu. Kwa makayabo sikuhitaji mwalimu. Kwa kome nilihitaji.

Bibi huyu ni mjane, na mwaka ule alikuwa na miaka 84. Kazi yangu ni kumwogesha, kumpa dawa, kumtoa nje apate hewa. Macho yake yalikuwa yamefifia hata hakuona tena ila mwanga wa dirisha, na mikono yake ilitetemeka. Ana wana wawili. Mkubwa akaa Torino, mbali sana upande wa kaskazini. Mdogo yupo Napoli na mke wake na watoto watatu. Tangu mazishi ya baba yao mwaka 2016 ndugu hawa hawakusemezana, kwa ajili ya nyumba na kiwanja walichoachiwa kijijini. Miaka sita! Noeli moja alikuja huyu, Noeli nyingine alikuja yule, kama walinzi wapokezanao zamu. Basi mwaka ule Bibi alisema: watakuja wote wawili, zamu zimekwisha.

Mke wa yule mdogo, ambaye ni mtu mwema, alitaka tununue chakula kilichokwisha pikwa, ili mimi nisichoke. Bibi akakataa. Makayabo waweza kuyanunua, alisema, na saladi waweza kuinunua. Tambi za kome hazinunuliwi, maana hufa njiani. «Huyu atapika,» akasema, akininyoshea kidole, nacho kikaelekea kabatini kwa sababu hakuniona. «Nami nitamwambia.»

Tarehe 23 jioni nikaenda soko la samaki la Porta Nolana, karibu na kituo kikubwa cha treni. Usiku ule wauzaji hawalali. Taa zawaka mpaka alfajiri, maji yatiririka barabarani, mikunga yapinduka-pinduka katika mabeseni ya rangi ya samawati, na kila mtu apiga kelele. Kama umepata kuwa Uvira asubuhi mitumbwi inapoingia na ndagala, umeuona usiku ule, isipokuwa baridi.

Bibi alikuwa amenifunga kwa agizo moja. Kome wawe ndani ya mfuko wa wavu wenye karatasi yake, iliyoandikwa mahali walikotoka na siku walipofungwa. Wale walio wazi katika ndoo, hata kama bei ni nusu, niwapite. Maana kome hula kwa kuchuja maji. Kila kilichomo majini, kizuri na kibaya, hupita mwilini mwake, na kibaya chaweza kubaki. Mwaka 1973, mwishoni mwa Agosti, kipindupindu kiliingia Napoli. Watu wakawashuku kome weusi, ambao wengi waliwala wabichi kwa maji ya limau tu. Mashamba ya kome yaliyokuwa ghubani mbele ya mji yakang'olewa, na wenyeji wakapanga mistari mirefu ili wachanjwe. Bibi alisimama mstarini akimbeba yule mwana mdogo, mwenye miaka mitatu. Tangu siku ile hajapata kununua kome asiye na karatasi.

Mtu wa Uvira hahitaji kufafanuliwa neno kipindupindu. Twakijua kwa jina, kwa harufu, na kwa majirani tuliowazika. Nilipomweleza Bibi hayo, alinishika mkono akanyamaza, na kuanzia hapo aliacha kunirudia-rudia agizo lile.

Kome wenyewe ni wadogo, kama kidole gumba, wamefungwa kati ya magamba mawili ya kijivu. Ndani yao mna mchanga, na mchanga ndio adui wa chakula hiki. Dawa yake ni maji ya chumvi kama ya bahari, gramu 35 kwa lita moja. Maji matamu ya bomba huwaua. Uwaweke mahali penye giza na ubaridi kwa saa kadhaa, nao watafungua midomo na kuutema mchanga. Ubadilishe maji, uwaache tena. Lakini wapo waliokufa zamani, magamba yao yamejaa matope na yamefungika vizuri kama wazima, na mmoja tu wa namna hiyo ataharibu sufuria nzima. Kwa hao hakuna dawa ila kuwagonga mmoja mmoja juu ya ubao.

Tulikuwa na kilo mbili, zaidi ya kome mia moja. Nikaketi na ubao magotini, Bibi ameketi mbele yangu, kichwa amekiinamisha. Nikagonga. Ta. Ta. Ta. Sauti kavu, kama jiwe dogo. Nilipofika yapata wa arobaini akainua mkono. «Huyo. Sauti yake nzito. Mfungue.» Nikamfungua kwa kisu: matope meusi matupu. Alinikamatia watatu kwa jinsi hiyo, mwanamke asiyeona hata sahani yake. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema mama yake alimpiga kofi kwa kila mmoja aliyempita.

Sasa nieleze shida ya chakula hiki, ambayo si bei wala mchanga. Kwetu, chakula humngoja mtu. Bugali hufunikwa, mukeke huwekwa karibu na mafiga, na hata baba akirudi usiku wa manane atapata fungu lake lenye moto. Mama yangu hajapata kumwambia mgeni kwamba amechelewa. Tambi ni kinyume kabisa. Tambi hazimngoji mtu, ni watu wazingojao. Zikitolewa majini, dakika tano tu zatosha zishikamane na kuvimba kama minyoo ya mvua. Kome naye akikaa motoni hugeuka mpira. Kwa hiyo mpishi hatupi tambi majini mpaka kila mlaji awe ameketi. Miaka yangu ya kwanza Italia niliona desturi hiyo ni ukali usio na adabu. Siku hizi naona ni adabu ya namna nyingine, ingawa ya kwetu naipenda zaidi.

Treni ya yule mkubwa ilipaswa kufika saa moja na nusu usiku. Mdogo na jamaa yake walifika saa mbili. Saa mbili na nusu, hakuna mtu. Maji yalikuwa yakichemka katika sufuria kubwa, lita tano kwa nusu kilo ya tambi. Saa tatu kasoro robo mdogo akasema: «Mama, hakuja. Ameamua hivyo. Tutupe tambi.»

Bibi hakumjibu. Akaniuliza mimi: «Maji yachemka?»

«Yachemka, Signora.»

«Basi ongeza maji.»

Nikaongeza maji baridi, uchemko ukakoma. Saa tatu akauliza tena, nikaongeza tena. Watoto walikuwa wakilia njaa. Nikachukua tambi nyingine, gramu 200, nikawapikia peke yao kwa mafuta na nyanya kidogo, wakala, wakalala juu ya kochi wamevaa viatu. Hapo mdogo hakuwa tena na watoto wa kujitetea nao.

Saa tatu na dakika ishirini simu yangu ikalia. Yangu mimi, si ya ndugu yake. Treni ilikuwa imesimama njiani muda mrefu, na sasa ilikuwa ikiingia Roma. Kutoka Roma ni zaidi ya saa moja. «Kuleni,» akasema, «msiningoje.» Nikaweka simu mezani nikatangaza kwa sauti, maana sikutaka mtu aseme baadaye kwamba hakusikia: «Yuko Roma. Asema tule.»

Kimya. Mke wa mdogo akatazama kitambaa cha meza. Mdogo akakaa muda mrefu akichezea uma. Ikakaribia saa nne, akaondoka, akachukua koti na funguo za gari, akatoka bila neno.

«Ameenda wapi?» Bibi akauliza.

«Nadhani kituoni.»

«Basi zima moto,» akasema. Ndipo nikaona kwamba tangu saa mbili mikono yake ilikuwa imekunja na kukunjua kitambaa kile kile.

Nyumba yetu iko orofa ya nne na haina lifti. Yapata saa tano kasoro robo Bibi akainua kichwa, kama alivyofanya kwa kome wale. Sisi hatukusikia kitu. «Miguu minne,» akasema. «Washa.»

Nikawasha. Maji yalikuwa bado moto chini ya kifuniko, hayakukawia. Nikatia chumvi kidogo kuliko kawaida, kwa sababu maji ya kome yana chumvi yake. Tambi zilikuwa za Gragnano, mji ulio kati ya milima na bahari, ambao jina lake limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2013. Hupitishwa katika tundu za shaba, nazo hutoka na ngozi yenye mikwaruzo, ishikayo mchuzi. Katika kikaango kipana nikatia mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili moja. Kisha kome wote kwa pamoja, na kifuniko juu. Dakika tatu: wakafunguka. Nikawaopoa upesi, na maji waliyoyatoa nikayachuja kwa kitambaa safi, maana mchanga wa mwisho hukaa humo.

Ndugu wawili walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko na makoti yao yaliyolowa. Garini, mdogo aliniambia siku nyingine, walizungumza habari ya mvua tu. Mkubwa akachungulia kikaango. «Bila nyanya?» akasema.

Mdogo akajibu, wala si kwangu: «Baba alikuwa akitia sita.»

«Nne.»

«Sita. Nilikuwa nikimkatia mimi.»

«Ulikuwa mtoto, hukujua kuhesabu.»

«Tano!» Bibi akapaza sauti toka mezani. «Na mwondoke jikoni, mnamzuia!»

Nikatia tano, zile ndogo zenye ncha. Tambi nikazitoa majini zikiwa bado ngumu kidogo katikati, dakika mbili kabla ya wakati, nikazimalizia katika maji ya kome, nikizigeuza bila kukoma mpaka unga wake na mafuta vikashikana kuwa mchuzi mzito. Kome wakarudi juu, na majani ya persili. Jibini hakuna. Ukiomba jibini juu ya tambi za kome mjini Napoli, watakutazama kama mtu aliyetia sukari katika sombe.

Walikula kwa haraka, wameinama, na kwa kitambo hapakusikika kitu ila magamba yakianguka katika bakuli. Bibi alisikiliza. Mke wa mdogo alimtolea kome katika magamba yake, akamwekea mkononi mmoja mmoja. Mimi nilikula mwisho, nimesimama, kama wapishi wote, na ninaweza kusema kwamba zilikuwa nzuri.

Habari ya kiwanja haikutajwa usiku ule, na nyumba ile ya kijijini haijagawanywa hata sasa. Tarehe 26 mdogo alimrudisha nduguye kituoni. Desemba ya mwaka uliofuata, nilipochukua kikapu kwenda Porta Nolana, Bibi aliniita nikiwa ngazini akaniambia ninunue kilo tatu.