Kuimba Ubao

Katika shule nyingi nilizopitia, darasa la kwanza lilikuwa adhabu. Hakuna mwalimu mkuu aliyelitamka hilo, lakini mgawo wa vipindi wa Januari ulijieleza. Darasa la saba hupewa mtu anayejua kufaulisha, kwa kuwa matokeo ya la saba ndiyo yanayosomwa wilayani. La kwanza huangukia mwalimu mgeni, mjamzito, anayehesabu miezi ya kustaafu, au yule aliyekorofishana na uongozi. Mimi nililipata kwa ugeni, katikati ya miaka ya 1980, nikitoka chuo cha ualimu Murutunguru kule Ukerewe na cheti changu cha Daraja la A. Nilipostaafu nilikuwa bado nimo, ila safari hiyo kwa kuling'ang'ania.

Nilipangiwa Kwimba, kwenye pamba na mtama. Watoto waliingia darasani na Kisukuma chao kamili. Walijua kumwita ng'ombe kwa rangi yake na kutaja kila jani la mboga. Kiswahili kwao kilikuwa cha redioni na mnadani. Utaratibu ulitaka tufundishe kwa Kiswahili, na mkaguzi akija alitaka kukisikia. Asipokuwepo, niliwasimulia hadithi kwa Kisukuma kwanza, wakacheka, wakabishana, ndipo tukaifuata kwa Kiswahili ubaoni. Sijajutia mpaka leo. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi kwa namna inayodanganya: mtoto akishashika silabi zote anaweza kukusomea hata Katiba ya nchi bila kujua imesema nini.

Kusoma kwa kuelewa nilikuwa nimekuona nyumbani kabla hata ya kukanyaga chuo. Mama yangu alijifunza utu uzimani, wakati wa kisomo. Kanda ya ziwa ilikuwa imepata mradi wa UNESCO uliokuwa na makao Mwanza kuanzia 1968, kisha Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisomo kile kilifungamanishwa na kazi, na kwetu kazi ilikuwa pamba. Mama alisoma polepole, kidole chini ya mstari, huku akigombana na kitabu: "Wanasema tupande kwa mistari. Haya, na kamba ya kupimia watatuletea wao?" Huyo alikuwa anasoma. Darasani kwangu nilikuta kitu kingine.

Watoto mia wa darasa la kwanza wana sauti tamu. Mwalimu anagonga fimbo ubaoni: ba, be, bi, bo, bu, darasa linaitikia mpaka mabati yanatetemeka. Inafuata sentensi, "Baba analima shamba", wanaimaliza yote bila kukwama. Anayepita nje anaridhika na kwenda zake. Mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa akifundisha chumba cha pili, ndiye aliyenipa kipimo. Aliniambia, "Mwanangu, hao wanaimba ubao. Usianzie mwanzo. Weka fimbo katikati."

Nilimwita binti mmoja wa dawati la mbele, kinara wa kuitikia. Nikaweka fimbo kwenye "shamba". Aliitazama fimbo, akaitazama sentensi, midomo ikaanza kucheza bila sauti. Alirudi mwanzo kabisa. Baba, kidole kimoja kikajikunja. Analima, cha pili kikajikunja. Kisha akapaza sauti kwa ushindi: "Shamba!" Nikafuta yote, nikaliandika neno hilohilo peke yake pembeni ya ubao, chini kule kwenye kona. Alinyamaza. Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa, na kwa kweli nilikuwa nimemwondolea wimbo wake.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kuvunja kwaya. Nilikata makatoni ya sabuni nikatengeneza kadi za herufi, kisha za silabi. Nilifundisha sauti kabla ya jina la herufi, kwa sababu mtoto aliyekariri "em" na "a" atahangaika sana kufika "ma". Irabu kwanza, kisha konsonanti chache zinazozaa maneno mengi: m, k, t, l, b. Wiki chache tu mtoto anaweza kupanga kadi zake mwenyewe akapata mama, kaka, tatu, kula, bata. Silabi za mwambatano nilizichelewesha makusudi. Jambo lililonifurahisha ni kwamba ng' inayowatoa jasho watoto wa kwingine ilikuwa mteremko kwetu, maana Msukuma amezaliwa nayo, nusu ya ukoo wake inaanzia hapo. Taabu yetu ilikuwa r na l. Kisukuma hakizitenganishi, kwa hiyo mtoto aliandika "kurara" akimaanisha kulala na "kalamu" ikawa "karamu". Kwenye kusoma hilo linafichika, kwa kuwa anasoma alichoandikiwa. Kwenye imla linatoka hadharani. Ndiyo maana sikumwamini msomaji yeyote mpaka nimsomee neno naye aliandike. Dhahabu ikija "zahabu" na thelathini ikija "selasini", unajua pa kuanzia kesho.

Kuandika kwenyewe kulikuwa na shida za mikono mitupu. Penseli moja ilikatwa vipande viwili kwa ndugu wawili, na mimi nilitembea na wembe wa kuchongea kwenye mkoba. Ufutio ulikuwa kipande cha kandambili, au mate na kidole, na daftari likatoboka palepale kwenye kosa. Kwa hiyo herufi za mwanzo tuliziandika nje, mchangani, ambako kosa linafutwa kwa kiganja. Ya b na d nilipigana nayo kila mwaka: baadhi walizigeuza mpaka Agosti, kisha siku moja wakaacha wenyewe. Sikumchapa mtu kwa hilo, ingawa wenzangu walichapa.

Tulioko chini tulijua tangu zamani kwamba wapo wanaofika juu bila kusoma. Nchi ililishtukia baadaye. Utafiti wa Uwezo, ulioanza 2010, ulionyesha kuwa katika kila watoto kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha la pili. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Watu waliuliza walifauluje. Mimi sikushangaa: mtihani ule wa kuchagua herufi ya jibu ulikuwa na milango mingi, na hakukuwa na mlango uliokulazimisha uandike sentensi.

Ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013, ukaja upimaji wa KKK darasa la pili, na 2015 mtaala wa madarasa mawili ya chini ukapunguzwa masomo ili muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Tuliitwa semina. Nilikaa na vijana wa kuzaliwa juzi, tukifundishwa kutamka sauti za herufi, na moyoni nikasema afadhali. Nilichokitilia shaka ni saa. Mpimaji anakaa na mtoto, anabonyeza, anahesabu maneno kwa dakika. Ni kipimo kizuri cha kujua kama mtoto bado anapambana na silabi, kwa sababu anayehangaika na kila silabi amesahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Lakini walimu wanaelewa haraka kinachopimwa. Muda si mrefu nikasikia madarasa yanafundishwa kukimbia, na tukawa tumerudi kwenye wimbo uleule, ila kwa mwendo wa kasi.

Kisha Januari 2016 michango ya shule ilipoondolewa, wakaja watoto. Nchi nzima waliandikishwa darasa la kwanza zaidi ya milioni mbili. Kwangu walijaa mpaka sakafuni, wengine wakasikilizia dirishani. Siwezi kuwalaumu wazazi waliokuwa wanasubiri nafuu hiyo. Ila kusoma hakufundishwi kwa mkupuo. Lazima umsikilize mtoto mmojammoja, sikio kwa mdomo. Nilipanga makundi chini ya mwembe kwa kiwango chao, wa silabi huku, wa maneno kule, na waliokwisha kushika nikawapa vitabu wawasomee wenzao. Wakati wa kuvuna pamba makundi yalipungua yenyewe. Anayerudi baada ya mavuno nilimpima upya, sikumrudisha alikoachia.

Mzazi mmoja alinijia jioni, baiskeli mkononi. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Kumbe kijana wake wa darasa langu alikuwa ameokota karatasi ya deni mfukoni mwa koti la baba, akaisoma kwa sauti mbele ya mama, tarakimu zote, na jina la mdai, na kilichonunuliwa. "Mwalimu," akasema, "kusoma umemfundisha. Sasa mfundishe kunyamaza." Nikamwambia hilo halimo kwenye muhtasari. Alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka. Kijana huyo nilimpandisha kundi.

Mwaka wa mwisho nililetewa kijana wa kunipokea, ana stashahada na simu yenye picha nyingi za zana za kufundishia. Nilimkabidhi kadi zangu, zile za katoni, nyingine zimekatika kona. Aliniuliza lini anaweza kuomba kuhamia darasa la saba, maana huko wanaofaulisha hupewa motisha mbele ya kikao cha wazazi. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba atoe motisha kwa darasa la kwanza pia, kwa kila mtoto atakayesoma neno la kwenye kona ya ubao. Akasema bajeti haina kifungu hicho. Kijana nimesikia bado yupo la kwanza, na kwamba amezipaka kadi gundi na karatasi ya nailoni zisichakae.