Gari la Baba na Gari la Kisasa

Leo hatuna mapishi wala mambo ya ngozi. Leo tunazungumza gari, na wanaotujua watacheka tu. Sisi ni dada wawili, watoto wa fundi. Wenzetu wakicheza mdako, sisi tulikuwa tunamshikia marehemu baba tochi chini ya boneti. Mpaka leo gari likipita tunajua kwa mlio kama mkanda umelegea.

Mwaka huu tumefikia pagumu. Gari aliyotuachia baba, la mwaka 2004, linaliwa na chumvi ya bahari kwa chini. Kaka yetu akasema tuliuze, tuchanganye na pesa ya upatu, tununue la kisasa. Basi tukaanza kuzunguka kutazama.

Tuseme ukweli, mengi hayakutufurahisha. La kwanza ni hivyo vioo vya kugusa. Kiyoyozi humo, redio humo. Ukitaka kupunguza baridi lazima uondoe macho barabarani, wakati kwenye gari la baba mkono unajua wenyewe swichi iko wapi. Wala si sisi tu tunaolalamika. Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, kuanzia mwaka 2026 wanawapa alama watengenezaji wanaobakisha swichi za kushikika kwa mambo kama indiketa, honi, vaipa na taa za hatari. Na kwetu kuna la zaidi: gari likitoka Japani kioo chote ni Kijapani, na bibi mmoja humo ndani anakusemesha kila ukiwasha. Redio nayo inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, kwa sababu ndiyo masafa ya kwao.

La pili ni tairi la akiba. Tulifungua buti za gari tatu, tukakuta chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari. Tairi likichanika ubavuni haisaidii kitu. Sasa mko njiani kutoka Makunduchi, Magharibi imeshaingia, watoto wamelala nyuma, mtafanya nini?

Lakini haki ya mtu mpe. Gari za mafuta na umeme tumezipenda. Toyota ilipotoa Prius Japani mwaka 1997 watu waliona mchezo, leo zimejaa barabarani. Ukikanyaga breki, ule mwendo unaopotea unarudi kuwa chaji ya betri, ndiyo maana kwenye foleni zinakula mafuta kidogo. Shoga, ukiwa nayo, angalia ule upenyo wa hewa karibu na kiti cha nyuma. Betri inapumulia hapo. Usiuzibe kwa mikoba na mabuibui.

Kilichotuyumbisha hasa ni mama. Yeye hukaa mbele siku zote. Tukakumbuka habari ya mifuko ya hewa ya Takata, iliyorudisha mamilioni ya gari viwandani duniani kote. Kemikali ya ndani huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu! Si ndiyo hali ya hewa yetu? Usiku ule tuliingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya watengenezaji, mikono inatetemeka. Alhamdulillah, halikuwemo. Nawe unayetumia gari la zamani, fanya hivyo leo, ni bure.

Hapo tukajiuliza: tunalipenda gari hili, au tunampenda baba? Gari lake halina mfumo wa kuzuia kuteleza, ambao Marekani iliulazimisha kwa gari ndogo zote mpya za toleo la 2012, na Ulaya ikafuata 2014. Na chuma kilicholiwa na kutu hakimlindi mtu siku ya ajali. Baba mwenyewe angetugombeza kumpakia mama humo.

Tumeamua kuliuza. Tunatafuta la katikati: la miaka michache baada ya 2012, lenye swichi, lenye tairi la akiba, lenye mfumo huo.

Mteja wa kwanza alikuja na bei nzuri. Alilitazama juu, limeng'arishwa, akatoa pesa mfukoni. Tukatazamana. Dini yetu inakataza kuficha aibu ya bidhaa, na baba hakuwahi kuficha. Tukamwambia ainame atazame chini. Aliinama muda mrefu. Alipoinuka alikata bei karibu nusu.

Tulikubali. Pesa haikutosha, kwa hiyo tunangoja zamu yetu nyingine ya upatu, na kwa sasa tunapanda daladala na mama katikati yetu. Analalamika kuhusu magoti, kisha anasema, "Baba yenu angefurahi." Hilo linatutosha mpaka gari lije, inshaAllah.