Remmy kabla hajawa kituo cha basi

Vijana wengi wanaoshuka Sinza kwa Remmy leo hawajui kwamba Remmy alikuwa mtu. Sisi wa Manzese ya miaka ya themanini tulimjua angali mwimbaji wa kuajiriwa, tena mgeni, mwenye Kiswahili cha Kongo na rasta zilizowatia hofu mama zetu. Mwenyewe alijiita Sura Mbaya, akicheka.

Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akabaki yatima mapema. Dar alifika 1978, kwa mjomba wake mwenye Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila. Zama hizo bendi zilikuwa na wenyewe: Juwata ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa CCM, Mlimani Park ya DDC, shirika la maendeleo la Dar. Matimila ilikuwa ya mfanyabiashara. Hata gitaa ulilopiga halikuwa lako. Ukikosana na mwenye vyombo unaondoka na koo lako tu.

Koo lile lilitosha. Wenzake walipoimba mapenzi, yeye aliimba kifo, njaa, na mtu asiye na kitu ambaye hata ndugu hawamwamkii. Tulilipa kiingilio kwa taabu ili tuimbiwe taabu zetu, na tukacheza! Sijawahi kuelewa vizuri.

Mwaka 1988 aliitwa Uingereza kwenye tamasha la muziki la WOMAD, baada ya rafiki kufikisha kanda yake huko. Mwaka uliofuata Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake, Songs for the Poor Man. Tukasema basi, huyo ndiyo kaenda. Akarudi Sinza.

Kisha ukaja wimbo wake Mambo kwa Soksi, soksi yenyewe ikiwa kondomu. Ukimwi ulikuwa unatumaliza, na kondomu haikutajwa mbele ya wakubwa. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali, nayo haikuupiga. Haikusaidia kitu: kanda zilirudufiwa, na wimbo ukasikika Temeke hadi Kinondoni. Kwangu mimi hapo ndipo alipokuwa nyota kweli, kuliko Uingereza.

Baadaye maradhi yalimdhoofisha, akaokoka, akaacha dansi na kuimba injili hadi alipofariki Desemba 2010. Wapenzi wa zamani tulinuna. Rafiki yangu mmoja mpaka leo hataki hata kuzisikia nyimbo hizo za mwisho. Mimi ninazo, na huwa namchokoza nazo.