Kosa la Mawe Ndani ya Debe

Leo nataka kusema juu ya debe la maua lililoko uani kwangu, na juu ya kosa nililolisomesha kwa miaka mingi nikidhani ni elimu.

Nyinyi wa pwani hamna haja ya kuelezwa mwasumini ni nini. Mwaka 1988 nilipohamia Ifakara kusomesha, mke wangu hakukubali kuondoka bila ya kijiti cha mwasumini wa mama yake. Tulikisafirisha kwa garimoshi la TAZARA kimefungwa kitambaa kibichi, tukakipanda ndani ya debe. Kila ulipozeeka, tulikata kijiti kingine tukauanza upya. Mama mkwe wangu amekwisha fariki, na mti wake ulikatwa nyumba ilipojengwa upya. Basi uzao wake wote uliobakia ni huu wa debe letu.

Ifakara ni nchi ya maji. Mito huteremka kutoka milima ya Udzungwa ikajaza bonde la Kilombero, na wakati wa masika mbuga hugeuka bahari. Mkulima wa mpunga hushukuru. Lakini udongo wa huku ni mzito, hushika maji kama chungu. Nami nilifanya kama nilivyofundishwa utotoni: chini ya debe niliweka mawe kiasi cha shubiri moja, ili maji yapate pa kushukia, kisha nikajaza udongo juu yake. Na hivyo ndivyo nilivyowasomesha wanafunzi wangu chuoni, kwani uani pale tuna makopo ya mrehani na mawaridi. Miche ilipokufa nikisema, "Watoto wamezidisha maji."

Masika moja mwasumini wetu ukaanza kugeuka manjano. Majani yakapukutika, na udongo ukatoa harufu ya mtaro. Mke wangu hakusema neno. Kila asubuhi alikuja akautazama, akarudi jikoni, na kunyamaza kule kulinielemea kuliko lawama.

Nikawaambia wanafunzi, "Tutaongeza mawe." Binti mmoja akauliza, "Maalim, mawe hunywa maji?" Wenzake wakacheka. Nikamkemea juu ya adabu, naye akainama. Lakini usiku sikupata usingizi, kwani nilijua kwamba alilouliza halikuwa utovu wa adabu. Nilimkemea kwa sababu sikuwa na jibu.

Baada ya Alfajiri nikachukua makopo mawili yaliyo sawa, nikayatoboa chini. Moja nikalijaza udongo mtupu. La pili nikaweka mawe nusu na udongo nusu. Nikamwagia yote mawili mpaka yakachuruzika, nikangoja yaliposita, kisha nikayapindua. Katika kopo la udongo mtupu tope lilikuwa chini kabisa, na sehemu ya juu ilikuwa na unyevu tu. Katika kopo la mawe, mawe hayakuwa na maji ya kusemwa, na tope lilikuwa limekaa juu yake, pale pale panapokaa mizizi!

Sababu yake ni kwamba udongo laini huyashika maji kama kitambaa, wala hauyaachi yashukie kwenye nafasi kubwa za mawe mpaka ushibe kabisa. Kwa hivyo mawe hayateremshi maji, bali hulipandisha tope. Asiyesadiki na achukue sifongo, ailoweshe, ailaze mpaka iache kuchuruzika, kisha aisimamishe wima. Ataona maji yakitoka tena. Ndiyo maana chombo kirefu huchuja vizuri kuliko kifupi.

Na mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Mpunga husimama majini kwa sababu bua lake lina njia za kupeleka hewa mpaka mizizini. Mwasumini hauna njia hizo. Nami, kwa nia njema ya kutoharibu maji, nilikuwa nikitawadha kando ya debe lile mara tano kwa siku!

Nikamwita yule binti nikamwomba radhi. Baba yake anafanya kazi katika mashine ya kukoboa mpunga, naye akatuletea gunia la pumba. Tukazichoma mpaka zikawa nyeusi, tukazizima kabla hazijawa majivu. Tukachanganya sehemu moja ya udongo, moja ya mchanga mnene wa mtoni, na moja ya pumba hizo. Tukatoboa debe matundu saba chini, tukayafunika kwa kipande cha wavu tu, ili udongo usitoke. Tukaikata mizizi iliyooza, tukapunguza matawi, tukaliinua debe juu ya matofali matatu. Siku hizi sitii maji kabla ya kudidimiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, naacha.

Zilipita wiki sita, na chipukizi moja likatokea karibu na shina. Mke wangu ndiye aliyeliona kwanza. Akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika yaanze.

Siku ile nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Nilikufundisheni kosa." Hapana aliyecheka. Lakini linalonisumbua ni wale waliokwisha toka mikononi mwangu. Wako Mang'ula, wako Mlimba, na wengine wamerudi huko huko pwani, nao huenda wanawaonyesha watoto wao jinsi ya kupanga mawe chini ya kopo, na kusema, "Hivi ndivyo Maalim alivyotufundisha."

Ikiwa wewe msomaji ni mmoja wao, yatoe mawe. Na ukimjua mwenzako niliyemfundisha, mfikishie. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafundisha bila ya kujua. Amin.