Mwalimu wa Timu na Lawama Zetu

Tulipokuwa katika kamati ya timu ya vijana wa mtaani kwetu, tulimwuzulu mwalimu wa mpira kwa kushindwa michezo mitatu mfululizo. Mikono iliinuliwa yote, wala hapakuwa na mkono uliotangulia wetu. Twakutana naye msikitini hata leo, na kila atupapo mkono fikra hutujia: je, makosa yalikuwa yake?

Nguvu za mwalimu si sawasawa katika kila mchezo. Katika kriketi, nahodha ndiye aamuaye uwanjani nani arushe mpira na nani asimame wapi. Katika mpira wa kikapu mwalimu aweza kuusimamisha mchezo, akawaita vijana wake na kuwapangia upya. Katika mpira wa miguu, kipenga kikishalia, hana ila kupiga makelele na kubadilisha wachezaji wachache.

Phil Jackson alipata ubingwa wa kikapu wa Marekani mara 11. Lakini alikuwa na Michael Jordan, kisha Kobe Bryant. Sifa ni ya mpishi au ya nyama? Bill Belichick naye alitwaa ubingwa wa mpira wa Kimarekani mara 6 pamoja na Tom Brady huko New England. Brady alipohamia Tampa Bay mwaka 2020, aliuchukua ubingwa msimu ule ule, na New England ikashindwa michezo 9 katika 16.

Mwenye haraka atasema mwalimu si kitu. Basi na amtazame Alex Ferguson: aliingia Manchester United Novemba 1986, na kikombe cha kwanza hakukipata mpaka Mei 1990. Alistaafu mwaka 2013 akiwa bingwa. Msimu uliofuata, kwa wachezaji karibu wale wale, timu ilikuwa ya 7.

Sayyidna Umar (R.A.) alimwuzulu Khalid bin Walid (R.A.), naye Khalid akapigana chini ya Abu Ubaida bila kinyongo. Wanahistoria wasimulia kuwa haikuwa kwa khiyana, bali alichelea watu wasije wakadhani ushindi watoka kwa Khalid. Sisi hoja yetu ilikuwa hasira tu. Mpira tuliompa mwalimu yule ulikuwa na viraka, na washambuliaji wake wawili walikuwa wamekwenda kutafuta kazi. Hayo hayakutajwa mkutanoni.

Ijumaa ijayo, inshallah, tutamwomba radhi.